Chaza wamejaa baharini ila wazazi ni wachache: hesabu ya jeni inayochanganya watu

Kuna sentensi mbili kuhusu chaza ambazo mtu akizisoma siku moja atasema tu mmoja wa waandishi kadanganya. Ya kwanza inasema chaza ni kati ya wanyama wenye tofauti nyingi sana za jeni, kiasi kwamba ukichukua chaza wawili toka mwamba mmoja, DNA zao zimeachana kuliko za watu wawili waliozaliwa mabara tofauti. Ya pili inasema kundi la chaza mamilioni kwa mamilioni linaweza kufanya kazi kijenetiki kama kundi dogo tu la wazazi wa kuhesabika. Sasa inakuwaje, wana tofauti nyingi au wametoka kwa wazazi wachache? Jibu ni yote mawili, na ukishaelewa kwa nini yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja basi mambo mengi ya chaza yanaanza kueleweka, magonjwa, ufugaji, hata ile biashara ya kurudisha miamba ya chaza iliyokufa.

Tuanze na gamba maana ndo linapotosha wengi. Chaza akiota kwenye tope laini tena wamebanana anakuwa mrefu, mwembamba, amesimama wima, akiota peke yake kwenye sehemu ngumu anakuwa wa mviringo na mnene, na hao wawili wanaweza kuwa mtu na ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja kabisa. Na kinyume chake pia kipo, spishi mbili tofauti zinaota pamoja na kwa macho huwezi kuzitenganisha hata uwe mzoefu vipi. Kwa hiyo mtu akikwambia chaza wa huku ni tofauti na wa kule kwa sababu ya umbo, muulize amepima DNA au ameangalia gamba tu.

DNA imeandikwa kwa herufi nne, hilo wengi tunalikumbuka toka shule. Kwa binadamu, ukilinganisha nakala mbili ulizonazo mwilini, ile ya baba na ile ya mama, utakuta herufi moja tofauti katika kila elfu moja hivi. Kwa chaza wa Pasifiki, huyu anayefugwa sehemu nyingi sana duniani, jina lake la kisayansi Crassostrea gigas (siku hizi wengine wanamuita Magallana gigas na ugomvi huo bado haujaisha), watafiti waliolinganisha chaza kadhaa walikuta herufi inayobadilika kila baada ya herufi 60 hivi ndani ya sehemu zinazotengeneza protini, na kila baada ya 40 hivi nje ya sehemu hizo. Vipimo hivi havilingani moja kwa moja, cha chaza kinahesabu wengi kwa mpigo ndo maana kinaonekana kikubwa zaidi, lakini hata ukisawazisha hesabu chaza anabaki juu ya binadamu kwa mbali tu.

Tofauti hizo ziliwatesa hata waliotaka kusoma jinomu yake, yaani DNA yake yote. Mashine za kusoma DNA zinasoma vipande vidogo vidogo halafu kompyuta inaviunga, sasa kama nakala ya baba na ya mama zimeachana sana kompyuta inadhani ni sehemu mbili tofauti na kila kitu kinavurugika. Kwa hiyo kabla ya jinomu kutoka mwaka 2012 kwenye jarida la Nature, ilibidi atumike chaza aliyetokana na vizazi vinne vya kaka na dada kuzalishwa wao kwa wao, makusudi, ili nakala zake mbili zifanane. Hata baada ya yote hayo tofauti hazikuisha. Mtu mwenye akili angeuliza hapo hapo, mbona zimegoma kuisha? Tutafika.

Kidogo nitoke nje ya mstari. Jinomu hiyo ilikuwa na jeni kama 28,000, na ikaonekana chaza ana jeni 88 za kundi la protini linaloitwa HSP70, zile za kulinda seli wakati wa joto kali, binadamu anazo kama 17. Hiyo inaleta maana kwa mnyama anayeachwa na maji juani mara mbili kwa siku na hana miguu ya kukimbilia kivulini. Ila hiyo sio tofauti za jeni tunazozungumzia hapa. Wingi wa jeni ndani ya kila chaza ni kitu kimoja, tofauti kati ya chaza huyu na yule ni kitu kingine, na nimeona watu wakivichanganya hivi viwili mpaka wanaandika kwamba chaza ana tofauti nyingi za jeni kwa sababu ana HSP nyingi. Hapana.

Sasa hizo tofauti zimetoka wapi. Jike mmoja wa chaza wa Pasifiki anaweza kumwaga makumi ya mamilioni ya mayai kwa msimu mmoja. Kutengeneza mayai yote hayo seli lazima zigawanyike mara nyingi mno, kila kugawanyika DNA inanakiliwa upya, na kila kunakili kuna nafasi ya kosa. Makosa hayo ndo mutesheni. Mengi hayana athari yoyote. Machache sana yana faida. Na mengine ni mabaya kabisa, ila yanajificha, kwa sababu chaza ana nakala mbili za kila jeni na ile nzima inaweza kufunika ile mbovu. Madhara yanakuja pale tu mtoto anapopata nakala mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama.

Mwaka 2001 Launey na Hedgecock walitoa utafiti ambao kwangu mimi ndo ufunguo wa hadithi nzima. Walizalisha chaza ndugu kwa ndugu halafu wakafuata alama za DNA (sehemu fulani za DNA zinazotofautiana na kutambulika kirahisi) kwa watoto. Kanuni ya Mendel, ile ya urithi, inasema kama baba ana aleli (matoleo ya jeni moja) A na B, na mama naye ana A na B, basi watoto watakuwa robo AA, nusu AB, robo BB. Walipopima viluwiluwi (chaza wachanga wanaoelea majini) wenye umri wa saa 6 tu tangu kutungwa, hesabu ikakaa vizuri. Walipopima walioishi mpaka miezi 2 au 3 hesabu ikavurugika vibaya, kwenye alama nyingi kundi la AA au la BB limepungua sana au halipo kabisa. Maana yake hawakukosa kuzaliwa, walizaliwa wakafa, na walikufa kwa sababu karibu na alama ile kuna jeni mbovu iliyokutana na mwenzake. Kwa hesabu zao kila chaza mzazi alikuwa amebeba jeni za kuua zilizojificha zisizopungua 8 mpaka 14. Kwa binadamu na wanyama wengi waliopimwa ni chache mno kuliko hizo. Na ndo maana wale chaza wa kaka na dada waligoma kufanana kwenye nakala zao: wanaofanana sana wanakufa utotoni, wanaobaki ni wale ambao bado wana tofauti, kwa hiyo hata ukilazimisha vipi unaishia kuchagua waliochanganyika bila wewe kutaka.

Hapo pia panajibu swali la zamani. Mwaka 1978 Singh na Zouros walionyesha kwa chaza wa mashariki mwa Marekani, Crassostrea virginica, kwamba vifaranga (chaza wadogo) wenye nakala tofauti kwenye jeni za vimeng'enya vingi walivyopima (vimeng'enya ni protini zinazoendesha kazi za mwili) walikuwa wanakua haraka kuliko wenye nakala zinazofanana. Watu wakaanza kusema kuwa na nakala mbili tofauti ni faida yenyewe. Wengine wakasema hapana, faida ni kwamba jeni mbovu zimefunikwa. Mabishano hayo yalichukua miaka mingi ila ukiangalia mzigo wa jeni mbovu waliobeba hawa viumbe, mimi naona upande wa pili una nguvu zaidi. Na ndo chanzo cha kitu wafugaji wanakijua vizuri, kwamba ukichukua koo (familia za ufugaji) mbili zilizozalishwa ndani kwa ndani halafu ukazikutanisha, watoto wanaweza kukua kupita koo zote mbili za wazazi.

Kwa hiyo tofauti nyingi za jeni kwa chaza sio utajiri mtupu kama inavyosemwa mara nyingi. Sehemu ni akiba, sehemu ni mzigo, na zinatoka kwenye bomba moja.

Haya, tuje kwenye ile sentensi ya pili, ya wazazi wachache.

Fikiria hesabu rahisi. Kama idadi ya chaza haiongezeki wala haipungui, basi katika maisha yake yote kila jozi inaacha watoto wawili tu wa kurithi nafasi zao. Wawili, kwenye makumi ya mamilioni ya mayai. Sasa swali ni je hao wawili wanagawanyika sawa kwa kila jozi? Mwaka 1994 Dennis Hedgecock alikuja na wazo kwamba hapana, hawagawanyiki sawa hata kidogo, ni bahati nasibu. Ili yai liwe chaza mzima lazima litolewe saa ileile mbegu za dume zipo jirani, viluwiluwi watokee wakati kuna mimea midogo ya kula majini, mkondo uwapeleke mahali pazuri na sio katikati ya bahari, samaki wasiwamalize, na baada ya wiki mbili tatu za kuelea wakute kitu kigumu cha kujishika, kwa kawaida gamba la chaza mwingine. Milolongo hiyo yote ikikaa sawa kwa chaza mmoja aliyetaga Jumanne, anaweza kujaza ghuba na watoto wake, na jirani yake aliyetaga Alhamisi asiache hata mmoja. Wote wamenunua tiketi milioni kadhaa, lakini washindi ni familia chache.

Unapimaje kitu kama hicho, huwezi kufuata mayai baharini. Njia inayotumika sana ni kupima mgawanyo wa aleli kwa kizazi kimoja, kusubiri, kupima tena kizazi kinachofuata. Kwenye kundi kubwa kweli, mgawanyo haubadiliki sana, aleli iliyokuwa asilimia 20 itabaki hapo karibu na 20. Kwenye kundi lenye wazazi wachache inayumba, inaruka 28, inashuka 13, kwa bahati tu. Ukijua inayumba kiasi gani unaweza kurudi nyuma ukahesabu ni wazazi wangapi wangetosha kuleta mayumbo hayo, na jibu hilo ndo wataalamu wanaliita idadi fanisi. Kwa chaza na viumbe wengine wa bahari wanaotaga sana, idadi fanisi inaweza kuwa chini ya 1 kwa kila 1,000 wanaohesabika. Soma tena hiyo.

Kuna dalili nyingine mtu anaweza kuiona bila hesabu ngumu: vifaranga wanaojishika mwaka huu wanakuwa na mgawanyo wa jeni tofauti na wa mwaka jana, kwenye mwamba uleule, na wakati mwingine miamba miwili iliyo jirani inatofautiana kuliko miamba iliyo mbali. Mtu anayetafuta mpangilio wa kijiografia hapo atachanganyikiwa, atadhani kuna makundi yaliyotengana, kumbe ni washindi wa msimu tofauti wametua mahali tofauti. Mwaka 1982 Johnson na Black walieleza hali hii kwa konokono fulani wa pwani ya Australia Magharibi na toka hapo imekuja kuonekana kwa viumbe wengi wenye watoto wa kuelea. Ongeza pia kwamba chaza wengi wanaanza maisha wakiwa madume halafu baadaye wanageuka majike, kwa hiyo kwenye mwamba wenye vijana wengi majike ni wachache na hesabu ya wazazi inabanwa zaidi. Na sio spishi zote zinamwaga mayai majini, chaza bapa wa Ulaya, Ostrea edulis, jike anavuta mbegu za madume kwa maji anayopitisha halafu anawalea viluwiluwi ndani ya gamba lake kwa siku kadhaa kabla ya kuwaachia, hapo familia inaanza safari ikiwa pamoja.

Basi kama wazazi ni wachache kila msimu, kwa nini tofauti za jeni hazijaisha zamani? Hapa ndo watu wanapokwama na mimi naona jibu halijafichika sana. Kwanza, washindi wanabadilika. Chaza anaishi miaka mingi na anataga kila msimu, aliyekosa mwaka huu anaweza kupata mwaka ujao, na kwenye mwamba mmoja kuna rika nyingi zimerundikana kila moja na wazazi wake. Pili, viluwiluwi wanaoelea wiki mbili tatu wanafika mbali, kwa hiyo kinachopotea ghuba hii kinarudishwa toka ghuba ile, na ukichukua pwani nzima kama kitu kimoja, idadi ya wazazi sio ndogo tena. Tatu, bomba la mutesheni halifungwi. Na nne, kile tulichoona juu, wanaofanana nakala wanakufa, kitu kinachobakiza aleli mbili mbili kwenye walio hai kwa muda mrefu kuliko bahati tupu ingeruhusu. Kuyumba kwa msimu mmoja ni kitu cha haraka na kinaonekana, kupotea kabisa kwa aleli ya kawaida kunahitaji vizazi vingi. Zinazopotea mapema ni zile adimu, na vipimo vingi vya zamani zile adimu havikuziona kabisa.

Hilo la vipimo linanileta kwenye kisa cha mipaka. Chaza wa mashariki anapatikana toka ghuba ya St. Lawrence huko Kanada mpaka ghuba ya Mexico, maelfu ya kilomita, na kwa jinsi viluwiluwi wanavyoelea ungetegemea ni kundi moja refu. Mwaka 1983 Buroker alipima vimeng'enya akakuta kweli, kote karibu ni sawasawa. Kisha mwaka 1990 Reeb na Avise wakapima DNA ya mitokondria, ile inayorithiwa kwa mama, wakakuta mstari mkali upande wa mashariki wa Florida, chaza wa Atlantiki upande mmoja na wa ghuba ya Mexico upande mwingine, wameachana vibaya. Mnyama huyohuyo, pwani hiyohiyo, majibu mawili. Mwaka 1992 Karl na Avise wakaongeza DNA ya kwenye kiini cha seli, nayo ikaonyesha mstari uleule, wakasema kwenye jarida la Science kwamba basi vimeng'enya ndo vinadanganya, kuna uteuzi asilia unaozilazimisha aleli zake zibaki kwenye mgawanyo uleule kote kote. Wazo zuri sana. Lakini mwaka 1996 wengine, McDonald na wenzake, wakachukua alama nyingine za DNA ya kiini wakakuta hazina mstari mkali, zinafanana na vimeng'enya tu. Kwa hiyo uteuzi kwenye vimeng'enya haukuwa lazima tena kuelezea chochote. Mstari wenyewe upo, umepimwa tena kwa karibu na bado upo, ila haupo kwenye kila jeni. Sehemu fulani za DNA zinavuka Florida bila shida, nyingine zinagoma. Watu wanaotaka jibu moja, ni kundi moja au mawili, wanakasirika hapa, lakini chaza hana jibu moja la kukupa, kila sehemu ya DNA ina historia yake.

Kisa kingine cha mipaka kilihitaji DNA kukimaliza. Ulaya palikuwa na chaza aliyejulikana kama chaza wa Ureno, mwanasayansi Lamarck akampa jina angulata mwaka 1819. Mwaka 1868 meli moja iliyotoka Ureno ikiwa na shehena ya chaza ilichelewa kwa dhoruba, ikamwaga shehena karibu na mdomo wa Gironde huko Ufaransa, chaza wakashika, wakaenea, wakawa uti wa mgongo wa ufugaji wa Ufaransa kwa karibu miaka mia moja. Walionekana kufanana mno na chaza wa Pasifiki. Mwaka 1998 DNA ya mitokondria ikaonyesha kwamba huyu "Mreno" ana ndugu zake wa kweli Taiwan, na kilichokubalika sana ni kwamba alifika Ulaya kwa meli za wafanyabiashara wa zamani, inawezekana kwenye karne ya 16. Na ni ndugu wa karibu sana wa gigas, yaani yule chaza wa Pasifiki, wanazaa pamoja bila shida, ndo maana mabishano kama ni spishi mbili au moja yanaendelea.

Mwisho wake haukuwa mzuri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa virusi ulimfuta huyu Mreno huko Ufaransa na akaletwa gigas toka Japani na Kanada kuziba pengo. Ndugu wa karibu kiasi kile, tena wanazaa pamoja, mmoja kafutika na mwingine kasimama.

Magonjwa ndo mahali ambapo tofauti za jeni zinalipa deni lake. Mwaka 1957 kwenye Delaware Bay, Marekani, kimelea cha MSX, ambacho baadaye ilikuja kugundulika kimetoka Asia, kilianza kuua chaza na ndani ya miaka miwili kiliondoa asilimia 90 mpaka 95 ya chaza wa sehemu ya chini ya ghuba. Harold Haskin wa chuo kikuu cha Rutgers alichukua walionusurika akaanza kuwazalisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, na koo hizo zikaonyesha wazi uhimilivu unarithiwa. Lakini porini mambo yalikwenda nusu nusu kwa miaka mingi, na sababu yake inafundisha kuliko majaribio yote ya maabara. MSX haipendi maji yenye chumvi kidogo. Sehemu ya juu ya ghuba, karibu na mto, chaza dhaifu waliendelea kuishi raha mustarehe bila kuguswa, wakitaga kila msimu na kushusha watoto wao dhaifu huku chini. Yaani wazazi wa kizazi kipya hawakuwa wale walionusurika peke yao. Mpaka ukame wa katikati ya miaka ya 1980 uliposukuma maji ya chumvi juu, ugonjwa ukafuata, dhaifu wa kule wakafa nao, na baada ya hapo uhimilivu ukaenea karibu ghuba nzima. Chaza hawakubadilika mwilini mwao ili wahimili, hiyo dhana ifutwe, walichobadilika ni nani anazaa.

Mwaka 2008 kitu kinachofanana kilipiga Ufaransa, aina mpya ya virusi vya herpes vya chaza, OsHV-1, ikawa inaua vifaranga wa gigas kwa wingi wa kutisha kila joto la maji likipanda, baadaye ikaonekana New Zealand na Australia pia. Na hapo tena, ndani ya vizazi vichache vya kuzalisha walionusurika, vifo vilishuka sana. Aleli za kuhimili zilikuwepo tayari ndani ya kundi kabla ugonjwa haujafika, ila kwa wachache.

Sasa weka haya yote pamoja halafu uingie kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya chaza. Ni rahisi sana, unachukua majike kadhaa na madume kadhaa, unachanganya kwenye tangi, unapata mamilioni ya viluwiluwi, kila mtu anafurahi. Mwaka 1990 Hedgecock na Sly walipima koo mbili za gigas zilizotunzwa vituoni wakakuta idadi fanisi ya moja iko karibu na 40 na ya nyingine karibu na 9. Tisa! Huku matangi yamejaa. Shida ni kwamba bahati nasibu haiishii baharini. Ukimwaga mbegu za madume kumi kwenye mayai ya pamoja, mbegu za mmoja au wawili zinaweza kuwahi karibu kila yai, Boudry na wenzake walionyesha hivyo mwaka 2002 kwa kupima nani ni baba wa nani. Halafu kuna desturi ya kuwachuja viluwiluwi kwa chekeche na kutupa wadogo ili tangi likue sawa, na wadogo hao mara nyingi ni familia fulani, kwa hiyo kila chekeche inatupa familia na sio vidogo tu. Na kuna kuchanganya spishi bila kujua: mwaka 1994 vipimo vya DNA vilikuta baadhi ya chaza wa Kumamoto (spishi nyingine yenye asili ya Japani) waliokuwa wanatunzwa vituoni Marekani ni machotara wa gigas, maana mayai ya Kumamoto yanakubali mbegu za gigas, wakati kinyume chake hakifanyi kazi vizuri.

Kwa mfugaji anayeuza chaza sahanini hilo halina uzito mkubwa. Wengi wao wanatumia triploidi, chaza wenye seti tatu za kromosomu badala ya mbili, waliotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, hawazai au wanazaa kidogo mno na nguvu zao zinakwenda kwenye nyama. Hao hawaingii kwenye hesabu ya kizazi kijacho, angalau kwa kiasi kikubwa.

Kwa mradi wa kurudisha miamba porini ni suala lingine kabisa. Mwaka 1991 Ryman na Laikre walionyesha kwa hesabu kwamba ukiongeza porini watoto wengi waliotoka kwa wazazi wachache, idadi ya kuhesabu inapanda lakini idadi fanisi ya kundi lote inaweza kushuka, kwa sababu umeongeza nguvu kwa familia chache na kuzimeza zile za porini. Kwa hiyo ukisikia mradi umemwaga vifaranga milioni kumi, namba ya kuuliza sio hiyo. Uliza wazazi walikuwa wangapi na walitoka wapi, maana wa upande mmoja wa Florida sio wa kupeleka upande mwingine. Uliza kama kila dume alipewa mayai yake kwenye chombo chake kabla ya kuchanganya, kama wadogo walichujwa wakatupwa, na kama mwaka ujao watatumia wazazi walewale au watavua wapya. Na waliofanya vizuri wana kipimo cha mwisho ambacho hakina ubishi, wanarudi mwambani baada ya misimu miwili mitatu, wanachukua vifaranga waliojishika wenyewe, wanapima DNA, na kuangalia ni wangapi kati yao ni watoto wa wale walioletwa.